Uzi Uliolala Kikapuni Ni Pesa Iliyolala

Wiki hii naweka kando mnyauko wa viazi na minyoo ya kondoo. Nataka tuzungumze juu ya sufu, rangi na kufuma, kwa sababu wengi wenu huku Kinangop mmeniuliza kama kufuma sweta nyumbani kunaweza kuleta pesa. Jibu langu ni ndiyo. Lakini kabla sijakueleza namna, nikusimulie jinsi mimi mwenyewe nilivyomtia hasara mtu aliyeniamini.

Nyumbani kwangu nina ng'ombe wawili, robo ekari ya viazi, kabichi kidogo, na kondoo saba machotara wa Corriedale. Kila kondoo hunipa kilo mbili hivi za sufu kwa mwaka. Ikioshwa, mafuta na uchafu vikitoka, uzito hupungua karibu nusu. Nasokota uzi mwenyewe, natia rangi kwa majani na maganda, kisha nafuma jioni ng'ombe wakishakamwa. Nimefuma tangu nikiwa msichana, kwa hiyo nilijiona fundi.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, mama mmoja anayeuza nguo za watoto sokoni alinijia. Aliona sweta niliyokuwa nimemvika mtoto wangu, ya rangi ya dhahabu, akaipenda. Akaagiza sweta nane za watoto wa miaka sita hivi, kila moja shilingi 1,200, ili auze kwa 1,500. Unajua baridi yetu: kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa jalidi. Alitaka mzigo wote ufike kabla Mei haijaisha. Akanitumia nusu ya pesa, shilingi 4,800, jioni ile ile. Mimi nikasema, "Usijali mama, zitakuwa tayari."

Sikujua wakati huo kwamba pesa zile alizikopa kwenye chama chao, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Mpango wake ulikuwa kulipa mwisho wa Juni.

Sweta tatu za kwanza nilimpelekea katikati ya Juni. Mbili nyingine katikati ya Julai. Tatu za mwisho zilifika mwisho wa Agosti, jua likiwa limeanza kuwaka na akina mama wakinunua mbegu badala ya nguo za baridi. Alipozipokea hakunigombeza. Aliniita kama mnavyoniita wote, akasema, "Daktari, wewe hutuambia tusipande kabla hatujajua soko. Mimi soko nililijua. Sweta ndizo hazikuwepo."

Nilirudi nyumbani sina la kusema.

Hesabu ambayo sikuifanya

Mara ngapi nimesimama mbele ya kikundi nikiwaambia hesabuni gharama kabla ya kununua mbegu? Kwenye sweta sikuhesabu chochote. Nilikuja kuhesabu baadaye, na hesabu yenyewe ni rahisi kiasi cha kutia aibu.

Sweta moja ya mtoto wa miaka sita, kwa uzi wangu wa kusokota kwa mkono, hunichukua saa 20 hivi za kufuma na kushonea pamoja. Sweta nane ni saa 160. Jioni moja naweza kufuma saa mbili kabla macho hayajachoka. Hizo ni jioni 80. Kuanzia tarehe 10 Machi, siku nilipopokea pesa, hadi tarehe 31 Mei, ni siku 83. Ndani ya siku hizo kuna Jumapili, kuna mikutano ya matanga, kuna palizi ya viazi, kuna ng'ombe anayezaa usiku. Tena hapo sijaweka hata saa moja ya kusokota wala ya kutia rangi.

Kwa hiyo hata kama ningefuma sweta zile peke yake, bila kugusa kitu kingine, kazi isingeisha kwa wakati. Jibu la haki siku ile lilikuwa, "Mama, naweza sweta nne."

Nawe ukitaka kuanza, usiniulize mimi sweta moja huchukua muda gani. Mkono wako si wangu. Fuma moja, andika saa ulizotumia kila jioni, jumlisha. Namba hiyo ndiyo utakayoibeba ukienda kuzungumza na mteja.

Kilichokuwa kikapuni

Lakini nikuambie ukweli wote. Sikufuma sweta za yule mama peke yake. Ningekuwa nimefanya hivyo, labda ningefikisha sita kufikia mwisho wa Mei.

Nilipoitoa aibu yangu nje mwezi wa Septemba, nilimwaga kikapu kitandani na kuhesabu. Palikuwa na sweta ya mume wangu isiyo na mikono. Shali ya mtoto wa dada yangu, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshaanza kutembea. Soksi moja isiyo na mwenzake. Kofia mbili za baridi. Kitambaa cha kochi kilichofika nusu. Na blanketi nililolianza Krismasi mbili nyuma. Vitu saba, hakuna hata kimoja kinachovalika wala kuuzika.

Nilivipima kwa mzani wa jikoni. Kilo moja na gramu 900 za uzi. Sweta moja ya mtoto hula gramu 300 hivi. Kikapuni mwangu zilikuwa zimelala sweta sita.

Unajua jinsi inavyokuwa. Kazi ndefu inachosha. Ukifika kwenye mgongo wa sweta, safu ni zile zile, mkono unatamani kitu kipya. Uzi mpya umetoka kwenye sufuria ukiwa na rangi nzuri, unajiambia utaanza kidogo tu uone utakavyokaa. Kesho jirani anaomba kofia. Keshokutwa unakumbuka shali. Kila unapoanza unahisi umefanya kazi, na kwa kweli mikono haikupumzika. Lakini mteja hanunui kuanza. Waliotutangulia walisema mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilikuwa nimeshika saba juu ya zile nane.

Wewe usiyefuma utalijua jambo hili kwingine: mabanda ya kuku yaliyoishia kwenye nguzo, mche wa parachichi uliowekwa shimoni bila kurudishiwa udongo vizuri, vipande vitano vya shamba vilivyolimwa na viwili tu vilivyopaliliwa.

Rangi ya pili haikufanana na ya kwanza

Kulikuwa na kosa lingine, na hili ni la sufuria.

Dhahabu ile niliipata kwa maganda ya vitunguu na maua ya bangi mwitu, lile gugu lenye harufu kali linaloota kila mahali baada ya mvua na kutusumbua kwenye viazi. Sufuria yangu ya rangi hubeba kilo moja ya uzi. Oda nzima ilihitaji kilo 2 na gramu 400. Nikatia rangi kilo moja, nikaanza kufuma, nikasema nyingine nitatia uzi ukiisha.

Uliisha nikiwa kwenye sweta ya nne, mgongo na kifua tayari, mikono bado. Nikapika sufuria ya pili. Tangi la maji ya mvua lilikuwa limekauka, nikatumia maji ya kisima. Maji ya kisima chetu yana chuma: yakilala kwenye ndoo, asubuhi unaona utando mwekundu chini. Chuma huifanya rangi ya manjano iwe nzito, ielekee kijani cha matope. Maganda nayo safari hii yalikuwa mengi ya vitunguu vyekundu, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa sokoni. Sikupima maganda wala sikupima uzi. Nilikadiria kwa macho.

Matokeo yake ni sweta yenye kifua cha dhahabu na mikono kama imetumbukia kwenye mtaro. Nilijidanganya kwamba ikikauka itafanana. Haikufanana. Nikafumua mikono, nikangoja mvua ijaze tangi, nikapika sufuria ya tatu. Wiki tatu zilipotea hapo, na wakati nikingoja, unadhani nilifanya nini? Nilianza kofia.

Kwa hiyo rangi na kazi za kikapuni ni jambo moja. Uzi usiotosha ndio huzaa kazi isiyoisha. Ukitia rangi ya kutosha mara moja, hutakuwa na kisingizio cha kuiacha sweta njiani.

Namna ninavyotia rangi sasa

Nakupa utaratibu wangu wa sasa. Ufuate kwa sufu tu. Uzi wa dukani wa akriliki haushiki rangi hizi za majani, na pamba ina taratibu zake.

Kwanza, pima uzi ukiwa mkavu, na pima wote unaohitajika kwa kitu kizima, ukiongeza sehemu moja ya kumi. Sweta ya gramu 300, tia rangi gramu 330. Ukibaki, utafuma kofia.

Pili, osha uzi kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu ili mafuta yaishe. Penye mafuta rangi haishiki, utapata madoa.

Tatu, shikisha rangi kwa shabu, ile ile inayotumiwa kusafisha maji. Kwa kila gramu 100 za uzi mkavu, natumia gramu 12 za shabu. Iponde, iyeyushe kwenye maji ya moto, kisha uitie kwenye sufuria yenye maji ya kutosha uzi kuelea. Tia uzi ukiwa umeloa tayari. Pasha polepole mpaka maji yaanze kutoa mvuke na vipovu vidogo, yasichemke. Yaweke hivyo saa moja, kisha toa kuni na uache vipoe usiku kucha.

Nne, tengeneza supu ya rangi. Maganda makavu ya vitunguu, natumia uzito sawa na wa uzi. Maua na majani mabichi ya bangi mwitu, mara mbili ya uzito wa uzi au zaidi. Chemsha saa moja, chuja kwa kitambaa, acha ipoe iwe vuguvugu. Ndipo utie uzi uliotoka kwenye shabu, upashe polepole kama mwanzo, saa moja, na uache upoe humo humo.

Tano, usiukoroge sana uzi, wala usiutoe kwenye maji ya moto ukautia kwenye ya baridi. Sufu ikishtuliwa na ikisuguliwa hujikunja na kushikana iwe kama blanketi gumu. Hairudi tena. Ugeuze tu kwa fimbo laini, taratibu. Ukishapoa, suuza, kamua bila kusokota, anika kivulini.

Kuna rangi nyingine zilizo karibu nawe. Majani ya mkaratusi hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia hata bila shabu. Gome la muwati hutoa kahawia. Kokwa na maganda ya parachichi hutoa rangi kama ya waridi lililopauka. Ukitaka kuitia giza rangi yoyote kati ya hizi, tumbukiza misumari michache yenye kutu, lakini kidogo, maana chuma kikizidi hukausha sufu na kuifanya ikatike. Manjano ya jikoni huvutia sana siku ya kwanza, kisha jua huyafifisha. Biti ndiyo hata usijisumbue.

Kabla hujamuuzia mtu, jaribu rangi. Chukua uzi kidogo, funika nusu yake kwa karatasi nene, uweke dirishani penye jua wiki mbili. Kisha funua ulinganishe. Uzi mwingine uoshe kwa sabuni pamoja na kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, suuza tena uzi wote mpaka iache.

Ikiwa sufuria yako ni ndogo kama yangu, pika sufuria mbili au tatu siku zinazofuatana, kwa maji ya tangi moja na maganda uliyoyachanganya yote kwenye gunia moja kabla ya kupima. Hata hivyo zitatofautiana kidogo. Basi usifume donge moja likaisha ndipo uchukue la sufuria nyingine. Fuma safu mbili za donge hili, safu mbili za lile, mpaka mwisho. Jicho halitaona tofauti.

Na tafadhali, sufuria ya rangi isirudi kwenye ugali. Iwekee alama, na kijiko chake vile vile. Pikia nje penye hewa, watoto wakae mbali, na maji yaliyobaki yamwage kwenye udongo mtupu, mbali na kisima na mahali pa kunyweshea mifugo.

Nina daftari la rangi. Kila ninapopika naandika tarehe, uzito wa uzi, uzito wa maganda, shabu, na maji yametoka wapi. Kisha nafunga kipande cha uzi pembeni mwa ukurasa. Mteja akisema nataka kama ile ya mwaka jana, nafungua daftari.

Kazi mbili, basi

Sasa kikapu. Nilijiwekea sheria ya kazi mbili. Moja ni ya nyumbani, kubwa, yenye mteja au mwenyewe anayeingoja. Ya pili ni ya mkobani, ndogo, kofia au soksi, ambayo naifuma kwenye matatu, kwenye kikao cha chama, au nikingoja gari la maziwa. Hizi mbili hazigombani kwa sababu hazili saa zile zile. Ya tatu haianzi mpaka moja imalizwe kabisa, nyuzi zimechomekwa na vifungo vimeshonwa. Sweta isiyo na vifungo bado iko kikapuni.

Nimeipanga kazi kwa misimu pia, kama unavyopanga shamba. Kondoo nawakata sufu Januari, kukiwa na jua, wasipigwe na baridi wakiwa uchi. Naosha na kuanza kusokota Februari. Maganda ya vitunguu nakusanya mwaka mzima. Wauzaji wa soko hunipa bure, wanafurahi kuondolewa takataka. Bangi mwitu naikata ikichanua, naikausha kivulini, naiweka kwenye gunia. Kutia rangi nafanya tangi likiwa limejaa. Wiki za kupanda na za kuvuna viazi, sijiwekei hata safu moja ya kufuma. Nikifuma, ni faida.

Vile vitu saba, nilimaliza vinne. Vitatu nilivifumua, uzi nikauosha na kuutundika unyooke. Kufumua kunauma, lakini uzi uliofumuliwa ni mali tena. Sweta ya mume wangu ilipata mikono mwezi wa Novemba. Ameivaa mpaka sasa.

Na yule mama?

Alikuwa ameuza sweta tano. Hizo ni shilingi 6,000, naye alikuwa amenipa 4,800, kwa hiyo kwa karatasi nilimdai 1,200. Lakini mkopo wake aliulipa mwisho wa Septemba badala ya Juni. Riba ya miezi mitatu, shilingi 480 kila mwezi, ni 1,440. Sweta tatu nilizichukua. Ile 1,200 niliifuta, nikampelekea na 240 juu yake. Alihesabu, akanikaribisha chai. Alisema jambo moja tu: wateja wawili waliokuja Julai wakamkosea sweta hawakurudi tena. Hilo sikuwa na pesa ya kulilipa.

Mwaka uliofuata aliagiza tena. Aliagiza sweta nne, hakutoa pesa mbele, na mimi sikuomba. Zilifika tarehe 20 Mei, za rangi moja.

Ile sweta ya nne ninayo. Mikono ya matope niliirudisha nikaishona kwenye kifua chake cha zamani, na naibeba kwenye mafunzo ya vikundi. Ukiiona siku moja mezani, usicheke sana. Lakini kabla ya siku hiyo, leo jioni mwaga kikapu chako kitandani, au zunguka shamba lako ukiwa na kalamu. Hesabu vilivyoanzwa. Chagua viwili. Vingine, ama uvimalize kwa zamu ama uvifumue. Na mteja akija kesho na pesa mkononi, mwambie akupe siku moja ufanye hesabu kwanza.